Bega Lililoposa Shavu

Bega la shemeji yangu Philemon liliposa shavu lake Jumanne moja ya mwezi wa tano, mwaka 1968, na mshenga nilikuwa mimi.

Nieleze mapema, usije ukaniona mlevi. Wakati huo nilikuwa dresa katika hospitali moja ya misheni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini Kakamega. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda na kuvifungua, kuchemsha vyombo, na kutafsiri maneno ya madaktari kwa watu wasiotaka kuyasikia. Philemon alikuwa mume wa dada yangu Musimbi, mtu wa Iguhu. Kwetu shemeji huitwa mulamwa, na mulamwa aliumbwa ili ataniwe. Sijawahi kuukwepa wajibu huo. Dunia ilikuwa imeshanipiga makofi yake, nikazika mke na mtoto katika mwaka mmoja, na nilichojifunza ni kwamba anayecheka hupigwa sawa na anayelia, ila yeye hachoki haraka.

Philemon alikuwa mtu wa fahali. Jumamosi alfajiri, fahali wa upande wao alipopelekwa uwanjani kupigana, yeye ndiye aliyetangulia mbele akimwimbia, akimpigia miluzi, akimtajia mama yake na bibi yake mpaka mnyama akajiona chifu. Fahali mmoja alimlipa kwa pembe, upande wa kulia wa kifua. Alipona akabaki na kovu gumu, limekunjamana kama ngozi iliyosahauliwa juani. Kovu hilo alilionyesha kila harusi. Nakuomba ulikumbuke, maana litatudai mbele.

Ugonjwa ulianzia shavu la kushoto, pale alipokuwa akiweka tumbaku kwa miaka ishirini. Alisema ni jino. Jino likang'olewa, kidonda kikabaki. Akaambiwa ni jicho la mtu, akachinja kuku, kidonda kikabaki. Alipoletwa kwangu shavu lilikuwa limetoboka kabisa, na uji aliounywa ulichungulia nje. Dada yangu aliniambia kwamba kwa miezi minne mumewe alikuwa anakula nyuma ya ghala, amewapa watu mgongo.

Wengine wangedhani alitamani kuimba tena. Hapana. Nilipomuuliza anataka nini kwa madaktari, alishika shavu kwa kiganja ili maneno yasivuje, akasema, "Nataka kunywa uji kwa kikombe, mbele ya wanaume, na mtu asiangalie kando."

Basi.

Daktari wa upasuaji alikuwa Mzungu mrefu aliyekuja kwa ndege ndogo mara mbili kwa mwezi, akala ndizi moja, akapasua watu kumi, akaruka. Alimtazama Philemon kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akasema ni kansa, itabidi aitoe pamoja na kipande cha taya, na tundu litakalobaki litaingia ngumi. Tundu hilo halizibwi kwa kiraka. Linataka nyama yenye damu yake. Alituambia kwamba huko ng'ambo wapo madaktari wanaojaribu kuunganisha mishipa ya damu kwa uzi mwembamba kuliko unywele, wakitazama kwa darubini, lakini bado wanajifunza kwa mbwa, na mbwa wengi wanakufa. Sisi darubini yetu ilikuwa moja, ya kutafutia malaria, na kioo chake kilikuwa na ufa.

Kwa hiyo angefanya hivi. Angechana utepe mpana wa ngozi na nyama yake kutoka begani kuja kifuani, upande wa kushoto. Mzizi wa utepe, karibu na mfupa wa katikati ya kifua, asingeukata, maana ndiko damu inakoingilia. Ncha ya begani angeipandisha juu mpaka shavuni, aishone juu ya tundu. Utepe ungening'inia shingoni kama daraja. Baada ya wiki tatu mishipa midogo ya shavu na ile ya bega ingekuwa imetafutana na kuungana yenyewe, bila uzi wa mtu. Hapo ndipo daraja lingekatwa.

Musimbi akauliza, na ikiwa haitatafutana?

Daktari akafungua shati la Philemon upande wa kulia, akaligusa lile kovu la pembe kwa kidole. Hapa hapachuniki kitu, akasema. Upande wa kushoto ndio uliopo, na ni mara moja.

Ilinibidi nitafsiri. Nilimtazama mulamwa wangu, nikaona macho yake yameanza kurudi ndani ya kichwa, nikasema, "Sikiliza. Bega lako linakwenda kuposa kwa shavu lako. Daktari ni baba wa bwana harusi, mimi ni mshenga. Hizi koo mbili hazijuani, zimekaa jirani miaka arobaini na hazijawahi kusalimiana. Lakini zikikaa pamoja wiki tatu, damu itachanganyika."

Philemon akacheka, kiganja shavuni. "Na mahari?"

"Wiki tatu bila kugeuza shingo."

"Hayo ni mahari ya binti wa chifu," akasema. Yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho kwa mdomo. Kesho yake alipasuliwa kwa saa saba, na alipoamka hakuwa tena na taya la kusemea upande huo. Chakula kilipita kwenye mpira puani. Nilimnunulia kibao cha chaki, kile cha watoto wa darasa la kwanza, na tangu siku hiyo alizungumza kwa herufi kubwa.

Kitanda chake kilikuwa mwisho wa wodi, ubavu wa kushoto umeegemea ukuta, kulia kuna dirisha linalotazama barazani. Alitakiwa kulala chali, kichwa kimeinamia kidogo bega la kushoto ili daraja lisivutike, mifuko ya mchanga huku na huku imshike kama mtoto. Amri zilikuwa mbili: asilivute daraja, na asililalie. Kila saa, mchana, mimi nilikwenda kulitazama. Unabonyeza ncha kwa kidole gumba, ngozi inageuka nyeupe. Unaachia, unahesabu moja, mbili, na wekundu unarudi taratibu. Ukirudi, damu inapita. Kisha unaandika kwenye kadi iliyofungwa miguuni pa kitanda: rangi nzuri.

"Wakwe wanasalimianaje leo?" nilimwuliza kila asubuhi.

Aliandika: WAMEPEANA KITI. Siku nyingine: SHANGAZI WA SHAVU ANANUNA. Siku ya saba alipatwa na kuwasha pale kwenye mshono, jambo lililomfurahisha daktari tulipompigia simu. Siku ya nane daktari mwenyewe akaja, akabonyeza, akaachia, akatabasamu. Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya hapo. Akasema mishipa imeanza, lakini bado ni kama nyuzi za buibui; asiguswe, asiharakishwe. Philemon akachukua chaki akachora kikombe.

Siku ya kumi na moja dada yangu alishikwa na homa. Badala yake akaja mama.

Mama yangu Jescah ndiye mama mkwe wa Philemon, na hapa lazima nikueleze wewe usiye wa kwetu. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali chungu kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, tena kubwa kuliko zote. Zipo njia za kuifungua, kwa mbuzi na blanketi na wazee kukaa, lakini Philemon alikuwa bado hajaifanya shughuli hiyo. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Mara moja, sokoni, nilimwona akiingia nyuma ya rundo la vyungu akachuchumaa humo nusu saa, mtu mwenye nguvu za kushika pembe za fahali, kwa sababu mama alikuwa ananunua chumvi. Nilimtania kwa miezi sita.

Mama hakukusudia ubaya wowote. Alisali na watu wa kanisa, na kanisa lilimwambia wagonjwa hutembelewa. Alifunga mayai kumi kwenye kitambaa, akashika njia asubuhi, na saa nane mchana alikuwa mlangoni pa wodi. Sista Priscah, aliyekuwa mkuu wa zamu, alitoka Taita na hakujua mambo yetu. Aliona mama mzee mwenye mayai. Akampa kiti.

Nilikuja saa tisa na saa yangu mkononi, kwenda kubonyeza. Nikawaona kabla hawajaniona.

Philemon alikuwa amegeukia ukuta. Mfuko wa mchanga wa kushoto ulikuwa chini. Blanketi alilivuta mpaka masikioni na ametulia tuli. Mama naye alikuwa amegeuza kiti akampa mgongo, kitambaa amekishusha machoni, anasali kwa sauti ya chini, kwa kirefu, kama alivyosali siku zote, akianzia Adamu. Mgongo na mgongo, na kati yao mayai kumi.

Nikacheka. Lazima niseme ukweli huo kwanza, maana ndio ulioanza. Nilisimama pale mlangoni nikacheka tumboni, nikafikiri jinsi nitakavyomsimulia Musimbi, nikasema moyoni: leo hana vyungu, amejificha nyuma ya ukuta.

Kicheko kilipokwisha nikajua alivyolala. Kugeukia ukuta ni kulalia upande wa kushoto, na upande wa kushoto ndio uliokuwa na daraja. Nilijua. Ilinipasa niende pale, nimshike mabega, nimgeuze chali. Lakini kumgeuza ni kumfunua uso, uso ule, mbele ya mama mkwe wake. Na mama huyo ni mama yangu, na yuko katika sala, na mimi sikuwahi hata siku moja kumkata mama yangu katika sala. Nikajiambia, dakika tano. Atafika amina. Nikachukua kadi, nikaandika: saa tisa, rangi nzuri.

Kisha nikaitwa. Lori la miwa lilikuwa limeanguka njia ya Mumias, watu watatu wana mifupa nje. Saa kumi nilirudi mbio, damu ya watu wengine ikiwa mikononi. Kiti kilikuwa kitupu, nikashukuru. Lakini Philemon bado alikuwa ukutani. Nikachungulia dirishani, nikaelewa: mama alikuwa amekaa barazani, chini kabisa ya dirisha, akingoja basi la saa kumi na moja. Kisogo chake kilikuwa karibu kiguse kioo. Alikuwa ametazama barabara, amelipa dirisha mgongo, maana naye alikuwa anamstahi mkwe wake kwa uwezo wake wote.

Philemon hakuweza kuliona hilo. Aliyetazama ukuta huona ukuta. Alichosikia ni sauti ya mama pale dirishani, akiimba wimbo wa kanisa.

Nikamgusa mguu. Nikamnong'oneza, "Mulamwa, geuka, hakuoni." Akatikisa mguu kuukataa mkono wangu. Angeniamini vipi? Mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia mara mbili, wiki ile ile, kwamba mama mkwe wake yuko mlangoni, ili tu nione macho yake. Wakanipigia kelele kutoka chumba cha vidonda. Nikaandika: saa kumi, rangi nzuri. Na saa kumi na moja, kwa kuwa nilikuwa nimeshaandika mbili, ya tatu haikuwa nzito.

Basi lilichelewa. Mama aliondoka saa kumi na moja na nusu.

Tulipomgeuza, Sista Priscah na mimi, daraja lilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Limevimba, linang'aa. Nilibonyeza kwa kidole gumba. Halikugeuka jeupe, na kwa hiyo halikuwa na wekundu wa kurudisha. Sista alichoma kwa sindano, ikatoka damu nyeusi, nzito, ya polepole. Akafungua nyuzi mbili. Akamwinua kichwa, akamweka mito, akapiga simu kwa daktari, na daktari akasema alichokwisha kukifanya Sista ndicho kilichopo. Damu ilikuwa imeingia ikakosa njia ya kutokea. Zile nyuzi za buibui zilikuwa zimekatika kabla hazijawa mishipa.

Ndege ilikuja siku tatu baadaye. Kufikia hapo hapakuhitaji daktari, pua ilitosha. Daktari alitazama, akaenda miguuni pa kitanda, akachukua kadi.

"Saa nane nzuri," akasoma. "Saa tisa nzuri. Saa kumi nzuri. Saa kumi na moja nzuri." Akanitazama. "Saa kumi na mbili, nyeusi?"

"Niliandika bila kutazama," nikasema.

Alingoja kama kuna la kuongeza. Lilikuwapo, lakini ningeanzia wapi? Kwenye vyungu vya sokoni? Alikunja kadi mara mbili akaitia katika mfuko wangu wa shati, kwa mkono wake mwenyewe. Hakunifukuza. Nilingoja kufukuzwa wiki nzima, nikakosa hata hilo.

Walikata utepe wote. Kulikuwa na tundu shavuni na jeraha kubwa kifuani, na kati yake hamna kitu. Daktari alisema atafunga vitambaa vyenye dawa, na kwamba chini ya tundu, shingoni, ule mshipa mkubwa wa damu sasa umebaki bila kifuniko cha maana. Ukikauka utapasuka. Siku, wiki, miezi, hakujua. Hayo nayo nilitafsiri, na kwa mara ya kwanza sikupata mfano wa kuyafunika.

Philemon aliomba kibao. Aliandika polepole, akanigeuzia: BEGA LIMERUDISHWA KWAO.

Alikuwa ananitania. Nilijaribu kucheka, nikatoa sauti fulani. Akafuta kwa kiganja, akaandika tena: USIMWAMBIE MAMA. Nikasema sitamwambia. Akafuta. Alikaa na chaki hewani kitambo, kama mtu anayeogopa jibu, kisha akaandika: ALINIONA?

Hapo ndipo ningeweza kumwambia. Kwamba mama hakuwa ametazama hata mara moja. Kwamba angeweza kulala chali mchana kutwa, na daraja lake hewani, na asingevunja heshima ya mtu.

"Hakukuona," nikasema.

VEMA, akaandika. Akakiweka kibao kifuani, akafumba macho, na uso ule, nusu uliobaki, ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyefikisha ng'ombe wote nyumbani.

Tulimrudisha Iguhu mwezi wa sita. Kila Jumapili nilikwenda na vitambaa safi. Alikuwa anakula kulekule nyuma ya ghala, Musimbi akimmiminia uji kwa mpira. Nilimfundisha dada yangu kuweka mablanketi mawili meusi karibu na kitanda, akaniuliza ya nini, nikamwambia, siku mshipa ukifunguka yatanyonya damu, asione wingi wake. Aliyakunja vizuri.

Mama alitoa ushuhuda kanisani. Nilikuwapo. Alisimama mbele ya watu akasema, alipomwombea mkwe wake hospitalini, mgonjwa alitulia kama jiwe. Kwa saa tatu nzima hakutikisika hata kidogo. Nguvu ya sala ilimshika. Watu wakaitika amina. Alipotoka aliniuliza kando, "Cornelius, mkwe wangu sasa anakunywa kwa kikombe?"

"Anakunywa, mama."

Wiki iliyofuata alinipa kikombe nimpelekee. Cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kipya. Philemon alikigeuza-geuza mikononi, akatazama ndani, akakipachika kwenye msumari ukutani juu ya kitanda. Nadhani alifikiri ni mimi niliyekinunua, kwa utani. Sikumsahihisha.

Mshipa ulifunguka mwezi wa nane, asubuhi, jua limetoka. Blanketi moja lilitosha.

Siku ya mazishi walileta fahali wawili, wakawazungusha kaburi, na mtu mwingine akawaimbia, vibaya. Jeneza lilipotolewa nyumbani lilipita karibu na tuliposimama, mimi na mama. Nikamwona anashika kitambaa chake, anakishusha machoni, anageuka taratibu mpaka akatazama migomba. Akalipa jeneza mgongo. Alikaa hivyo mpaka likapita.

"Amepita?" akaniuliza.

"Amepita."

Akageuka. Kadi ilikuwa mfukoni mwangu wa shati, na bado imo.